Mwezi wa Chumba cha Juu

Kaa-fundi kumi na wawili walipanda ukuta wa nyumba ya Mzee Vuai Ussi wakiwa wamebeba kioo kimoja chenye urefu wa mlango na upana wa milango miwili. Zilikuwa mashine, kila moja sawa na sinia ya pilau, zenye miguu minane iliyovikwa mpira laini ili zisikwangue chokaa ya ukuta. Zilikwenda upande upande, ndiyo maana watu wa Mji Mkongwe wakaziita kaa. Jina lao la kiwandani lilikuwa refu na hakuna aliyejisumbua kulikumbuka. Kwa saa tatu zilikata bati la zamani, zikapima boriti moja moja kwa sauti isiyosikika na sikio la binadamu ili kujua ipi imeliwa na mchwa, zikaacha nzima, zikaunga mbovu kwa chuma chembamba, kisha zikakilaza kioo mahali pake. Ilipoadhiniwa adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Mtu akisimama njiani akatazama juu, angeapa hakuna kilichobadilika. Paa lilikuwa lile lile, la mabati yenye kutu.

Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wenyewe. Sheria ya mji wa kale ilikuwa kali: hakuna kitu kinachong'aa juu ya paa, hakuna sahani za jua, hakuna nyaya, kila nyumba ibaki na sura iliyoachwa na wazee. Lakini wakaazi nao walitaka umeme, na jua liko bure. Ndipo kikabuniwa kioo-anga. Tabaka lake la juu lilipakwa sura ya bati kuukuu, na chini ya sura hiyo likawa linalila jua lote, halibakishi hata uzi wa mwanga, likalifanya umeme wa nyumba nzima na ziada ya kumpa jirani. Sasa jua likishaliwa lote, chumba cha chini si kitakuwa kaburi? Kwa hiyo tabaka la chini lilikuwa taa, na katikati vilipangwa vijicho elfu sita, vidogo kuliko punje ya mtama, vikitazama mbingu na kuiteremsha chini. Aliyelala kitandani akitazama juu aliona anga, mawingu, kunguru wakipita na ugomvi wao. Ungesema ni dirisha. Lakini halikuwa dirisha, jamani. Ilikuwa picha, inayochorwa upya mara mia kwa kila sekunde, na aliyekibuni alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Miza Vuai, binti pekee wa mwenye nyumba. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mwembamba, msemaji mdogo, na tangu mama yake alipofariki alikuwa amehamia tena nyumbani kumtazama baba yake.

Mzee Vuai naye alikuwa fundi wa mapaa. Miaka arobaini aliishi juu ya nyumba za watu, akiziba, akipiga chokaa, akibadilisha boriti, mpaka siku bati lilipomponyoka akaanguka na nyonga ikavunjika vibaya. Lakini watu hawakumjua kwa mapaa tu. Walimjua kwa mwezi. Kila jioni ya ishirini na tisa alikuwa juu ya paa fulani, uso magharibi, na akisema umeandama, basi umeandama. Hakuwahi kurudi nyuma katika neno lake, wala hakuwahi kusema ameona asichokiona. Siku nyingine vijana walipiga kelele "Ule! Ule!" naye akawajibu, "Lile wingu, wanangu. Tulieni."

Mtu wa leo atashangaa. Huo ulikuwa mwaka 1544 wa Hijria, na vijana wa Unguja walikuwa wakienda kufanya kazi za mkataba mwezini kwenyewe, wakirudi likizo na vumbi lake la kijivu ndani ya viatu. Hesabu ya mwezi ilijulikana kwa nusu sekunde. Hata hivyo mji ulikataa katakata kufunga wala kufungua kwa hesabu. Lazima jicho la mtu lione, na kwa sikukuu lazima wawe mashahidi wawili waadilifu, kila mmoja ameona kwake, kila mmoja aeleze alichokiona bila kumsikia mwenzake. Ndivyo walivyotaka, na ilikuwa haki yao.

Baada ya kuanguka, Mzee Vuai alilala chumba cha juu miaka mitatu akiusikia tu mwezi kwa kelele za wengine. Lilimuuma. Ndiyo maana Miza, alipopata kibali cha kukarabati nyumba za mtaa wao, alianza na ya baba yake, na kioo akakiweka kwenye mteremko wa paa unaoelekea magharibi, juu ya miguu ya kitanda kabisa.

"Sasa utautafuta ukiwa umelala, baba," alimwambia siku ile.

Mzee alitazama juu kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. "Umenirudisha juu ya paa, mwanangu," alisema.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Baada ya wiki chache mzee alianza kulalamika. Mchana kioo kilikuwa safi, lakini magharibi inapoingia kilikuwa kinachafuka, kinakuwa na madoadoa ya giza. Miza aliijua sababu. Vijicho vile vilihitaji mwanga wa kutosha. Saa ya machweo vilianza kupapasa, na vumbi au kinyesi cha ndege kikizidi, vingine havikuona kabisa. Angeweza kumwambia baba yake kwamba ndio mwisho wa uwezo wa kioo. Badala yake alikaa siku nne kwenye karakana yake akatengeneza kitu alichokiita mjazio. Mahali vijicho visipoona, kioo kiliruhusiwa kukisia. Kilijua saa, kilijua jua limezama wapi, kilijua kila nyota inapokaa, basi kikajaza pengo kwa kile ambacho kwa hesabu kilipaswa kuwepo.

"Eeh, leo naona," alisema mzee jioni ile. "Mungu akubariki. Naona mpaka nyota ndogo."

Hapo ndipo pa kusema. Hakusema. Alijua mzee angekasirika, naye mzee alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mwezi haukumjia akilini hata kidogo. Yeye alifikiria madoadoa tu. Na kwa kuwa mjazio ulimfurahisha baba yake, aliupeleka katika vioo vyote alivyopachika mjini, nyumba thelathini na nane.

Miaka miwili ikapita salama. Kila jioni ya ishirini na tisa vijana walikuwa juu ya mapaa, na mzee alikuwa chini ya kioo chake, na ilitokea tu kwamba anga lilikuwa safi na wote waliona pamoja, au mwezi haukuwepo na wote hawakuona. Jina la Mzee Vuai likarudi midomoni mwa watu.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia masika. Jioni ya ishirini na tisa Miza alikuwa jikoni chini akimimina uji, adhana ilikuwa imetoka muda mfupi, mara akasikia sauti ya baba yake ikitetemeka ngazi nzima.

"Miza! Umeandama! Miza, mwite Sheikh, umeandama!"

Sheikh Khatib, imamu wa mtaa na mkuu wa kamati ya mwezi, alipanda zile ngazi za mawe akihema. Alikuwa mtu wa makamo, mwangalifu, asiyependa haraka. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Mzee Vuai, eleza ulichokiona."

"Mwembamba mno, Sheikh. Umelala chali, pembe zote juu. Shubiri moja tu kutoka ukingoni. Umekaa muda wa kusoma Yasini nusu, ukazama."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

Sheikh akatoka, akaenda mtaa wa nyuma kwa Mzee Faki, kinyozi mstaafu, ambaye naye alikuwa ameleta habari. Mzee Faki akasema mwembamba, chali, pembe juu, shubiri moja. Wazee hawa wawili hawakuwa wameonana siku nzima. Sheikh Khatib alisema baadaye kwamba katika maisha yake hajapata kupokea ushahidi uliolingana vile. Takbira zikaanza, watu wakakumbatiana njiani, na asubuhi yake mji mzima ulivaa nguo mpya ukala sikukuu.

Vijana peke yao ndio waliokuwa wakitazamana. Wao walikuwa juu ya mapaa jioni ile, na magharibi palikuwa pamefunga. Wingu zito, jeusi, kutoka pembe hadi pembe. Siku ile ile ya sikukuu ikaja habari kwamba hakuna aliyeuona, si Pemba, si Tanga, si Lamu, na kwamba wenzao wote walikuwa wanakamilisha thelathini. Jioni ile mawingu yakapasuka, mwezi ukaonekana na kila mtu, mchanga kabisa, na hata mtoto angejua kwamba huo ndio usiku wake wa kwanza kuonekana.

Basi maneno yakaanza. "Vuai katulisha mchana wa Ramadhani." Wengine walisema anataka sifa, amechoka kusahauliwa kitandani. Mwanamke mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila sikukuu alimletea mzee bakuli la tambi, alipita na bakuli lake mlangoni akaenda nyumba ya pili. Mzee alizisikia kanzu zikipita chini bila kuingia. Hakula siku ile.

"Nimeuona, Miza," alisema. "Mimi sina wazimu. Nimeuona kama ninavyokuona wewe."

Ndipo Miza akashuka karakanani, akafungua kumbukumbu za kioo. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja jioni, wingu: sehemu mia kwa mia. Vijicho vinavyoona: hakuna. Mjazio: mwezi, wa kwanza, kwa hesabu. Akafungua kumbukumbu za kioo cha Mzee Faki, kimoja kati ya vile thelathini na nane. Dakika ile ile, maneno yale yale. Mwezi kweli ulikuwepo nyuma ya mawingu, lakini mchanga mno, wa aina ambayo hakuna jicho la mtu lingeweza kuuona hata kama pangekuwa peupe. Kioo hakikujua habari za macho ya watu. Kilijua tu kwamba upo, kikauchora.

Mji ulikuwa umefungua kwa hesabu, jambo ulilolikataa kwa vizazi. Na hesabu ilikuwa imepita ndani ya macho ya wazee wawili wakweli.

Alipanda kwa baba yake akakaa kwenye kile kigoda.

"Baba, ule mwezi haukuwa mbinguni."

"Na wewe pia?" alisema mzee, kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kelele.

"Umeuona, baba. Kweli umeuona. Lakini ulikuwa kwenye kioo. Nimeuchora mimi."

Akamweleza yote. Vijicho, machweo, madoadoa, mjazio. Mzee alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, macho yakiwa juu, ambako kwa wakati huo kunguru wawili walikuwa wakipita.

"Wale?" aliuliza.

"Wale wa kweli. Sasa ni mchana."

"Na nyota za usiku?"

"Nyingi ni za kweli."

"Nyingi. Ile jioni ya hitima ya mwaka ya mama yako, niliposema anga limetakata... nikakwambia, tazama, hata mbingu zimemhurumia."

Miza alikuwa anaikumbuka jioni ile vizuri, mvua ya manyunyu ilikuwa imempata akitoka kuwasindikiza wageni.

"Basi," alisema mzee. "Basi, mwanangu."

"Sheikh Khatib atakusimamisha Ijumaa mbele ya watu, wewe na Mzee Faki. Nitasema mimi. Nitawaambia."

"Ukisema itakuwaje?"

"Watavizima vioo. Nyumba thelathini na nane zitakaa giza, na kuna watu kule wana mashine za kupumulia, itabidi wahamishwe. Mimi nitafikishwa mbele ya baraza la wahandisi. Sitashika kazi tena."

Mzee Vuai aliushika mkono wake. Kiganja kilikuwa bado kigumu kwa chokaa ya miaka arobaini. "Mimi nina mtoto mmoja," alisema. "Hili niachie mimi."

Miza hakumuuliza atasema nini. Angeuliza, angejua, na akishajua angelazimika kumzuia. Kwa hiyo alinyamaza, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, na kunyamaza huko ndiko alikokuja kukulilia kwa miaka iliyobaki ya maisha yake.

Ijumaa kaa wanne walimteremsha mzee kwenye kiti mpaka msikitini. Baada ya sala hakuna aliyetoka. Miza alikuwa juu, upande wa wanawake, nyuma ya wavu wa mbao, ameng'ang'ania ukingo kwa vidole.

"Mzee Vuai," alisema Sheikh Khatib, "vijana kumi na saba wameshuhudia kwamba magharibi palifunga. Nakuuliza mbele ya watu. Ulichosema uliona, uliona?"

"Macho yangu yamezeeka, Sheikh," alisema Mzee Vuai. "Nilitamani sana kuuona, nikajidanganya nimeuona. Sikuona kitu. Nisameheni Waislamu."

Mnong'ono ulipita msikiti mzima. Wengi walilainika, mzee amekiri, nini tena? Wengine walifuta machozi. Jambo lingekwisha pale pale, kama isingekuwa Mzee Faki.

Alisimama kwa shida, kofia mkononi. "Vuai! Unasema nini wewe?"

"Kaa chini, Faki."

"Sikai! Mimi nimeuona. Chali, pembe juu, shubiri moja. Na wewe ulimwambia Sheikh hivyo hivyo, na mimi sikuwa nimekuona siku nzima! Kama wewe hukuona kitu, mimi nilichokiona ni nini?"

"Mlipatana!" ilipigwa sauti kutoka nyuma. "Ndiyo maana maneno yalikuwa mamoja!"

"Walipatana, ati! Wazee wazima!"

"Wallahi sikupatana na mtu!" Mzee Faki alikuwa analia sasa, analia kama mtoto, akimgeukia huyu na yule. "Vuai, waambie! Kwa nini unanifanyia hivi? Nimekukosea nini?"

Mzee Vuai aliinamisha kichwa. Alikuwa amejitayarisha kubeba aibu yake. Hakuwa amefikiri kwamba aibu ile itamwangukia na mwenzake.

Miza alisikia sauti ikisema, "Hawakupatana," na ikamchukua muda kujua ni yake. "Hawakupatana. Wote wawili wameuona. Mwezi ule niliuchora mimi, ndani ya vioo vyangu."

Aliwaeleza kutoka nyuma ya wavu, bila kuonekana, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Alipomaliza, Sheikh Khatib alikaa akiwa ameshika ndevu zake.

"Basi nyinyi wawili hamkuwa waongo kwa mwezi," alisema hatimaye. "Mlisema mlichokiona. Kosa si lenu. Siku tutailipa sote, na Mungu ni mwenye kusamehe. Mzee Faki, huna doa. Kaa, mzee wangu, kaa." Kisha ilionekana wazi kwamba kilichofuata hakukipenda. "Lakini wewe, Mzee Vuai. Leo, hapa, nimekuuliza ulichokiona. Ukasema hukuona kitu. Ilhali uliona, na ulijua kwamba uliona."

"Nilijua."

"Ukamwacha mwenzako aitwe muongo."

"Sikulidhani hilo. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Kwa nini, mzee wangu?"

Mzee Vuai alinyanyua macho kidogo kuelekea wavu wa mbao, akayashusha.

"Siwezi tena kupokea ushahidi wako," alisema Sheikh Khatib.

"Hata mimi nisingeupokea," alisema mzee.

Vioo vilizimwa kabla ya Alasiri ya siku ya pili. Kimoja baada ya kingine, thelathini na nane. Wagonjwa walihamishwa, na wengine mtaani waliacha kumsalimia Miza, na wengine walimsalimia kupita kiasi, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Baraza la wahandisi lilimnyang'anya cheti. Kioo cha chumba cha juu kilibaki mahali pake, kwa kuwa sheria haikuruhusu paa kuguswa tena bila kibali. Kwa nje bati lenye kutu, kwa ndani bamba jeusi. Mzee alilala chini yake mchana na taa ya mafuta ikiwaka. Hakulalamika giza hata siku moja.

Ikaja jioni ya ishirini na tisa ya mwezi uliofuata. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha. Miza alipanda juu ya paa peke yake, akashikilia ukingo, akageukia magharibi. Alikuwa hajafanya hivyo tangu utoto wake, baba yake alipokuwa akimshika kiunoni ili asianguke. Alisubiri. Rangi ya anga ilififia polepole, na katikati ya kufifia kule ukatokea, mwembamba, umelala chali, pembe zote juu. Hapakuwa na kioo baina yake na mwezi ule. Alilia kwa furaha, akashuka ngazi mbili mbili kama msichana.

"Baba! Umeandama! Nimeuona, baba, kwa macho yangu haya."

Mzee Vuai aligeuza uso juu ya mto wa kulalia, akamtazama binti yake katika mwanga wa taa. Alimtazama kwa mapenzi yale yale ya siku zote, na alimtazama kwa muda.

"Nani mwengine kauona?" aliuliza.